Jino la pembe na jino la titani

Neno lenyewe ndilo lililoanza kutuponza. Tulikuwa watu sita au saba kwenye kibaraza cha duka karibu na kituo cha reli cha Kisaki, kila mmoja akisubiri treni au akimsindikiza anayesubiri. Mjomba wangu alikuwa ameshika shavu. Gego la chini lilimkosesha usingizi siku tatu, na sasa alikuwa safarini kwenda kuling'oa. Nikamwambia kwamba lile gego langu lililong'olewa zamani nimewekewa kipandikizi. Mama muuza maandazi akafunika ndoo yake. "Kipandikizi? Cha uzazi wa mpango? Ukakiweka mdomoni?"

Kicheko kilifika mpaka relini. Lakini mama yule hakukosea, maana katika zahanati zetu kipandikizi ni kile kijiti kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono. Changu mimi ni skrubu ya madini ya titani, urefu wake kama milimita 10, unene wake kama milimita 4, iliyokazwa ndani ya mfupa wa taya pale ulipokuwa mzizi wa jino. Juu ya skrubu kuna kiunganishi, na juu ya kiunganishi kuna kofia ya kauri yenye umbo la gego. Nilidhani maelezo hayo yanatosha. Kumbe nilikuwa nimechokoza nyuki, na hoja zilizonijia pale nimezibeba kichwani tangu siku ile. Nyingine zilinichekesha, nyingine zilinibana. Nazijibu hapa kwa kadiri zilivyotoka.

"Jino la pembe si dawa ya pengo." Mjomba ndiye aliyeanza, akisema kwa nusu mdomo. Kwetu Uluguruni mjomba ni mtu mzito, mpwa hamrukii kumjibu, kwa hiyo nilinyamaza. Isitoshe, mtu wa Kisaki ana haki ya kuzungumzia pembe: hifadhi ya Selous, ambayo sehemu yake kubwa imekuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere tangu 2019, iko hapo hapo nyuma ya mashamba, na tembo ni jirani ambaye watu wa hapa wanamjua kuliko wanavyotaka kumjua.

Tena methali yenyewe ni kweli, kweli ya kitabibu kabisa. Katika karne ya 18 mafundi wa meno wa Ulaya na Marekani walichonga meno ya bandia kutoka pembe za ndovu na meno ya kiboko. George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alivaa meno ya kiboko. Pembe ikilowa mate mchana na usiku hubadilika rangi, huoza, hunuka. Na haikushikwa na kitu isipokuwa nyaya na springi. Ilikuwa mgeni anayeishia barazani, haruhusiwi ndani.

Kilichobadilisha mambo hakikuwa ustadi mpya wa kuchonga. Mwaka 1952, mjini Lund nchini Uswidi, mtafiti Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza namna damu inavyopita ndani ya mfupa wa sungura. Aliweka kidude kidogo cha titani kwenye mfupa ili aweze kuchungulia kwa hadubini. Utafiti ulipokwisha alitaka kukitoa. Mfupa ukakataa kukiachia. Ulikuwa umekikumbatia kana kwamba ni sehemu yake. Wengi wangelaani hasara ya kifaa, yeye akajiuliza maswali. Mwaka 1965, mjini Gothenburg, alimwekea vipandikizi mgonjwa wa kwanza, Gösta Larsson, mtu aliyezaliwa na ulemavu wa taya na ambaye taya lake la chini halikuwa na meno. Larsson alifariki mwaka 2006, vipandikizi vyake vikiwa bado mdomoni. Miaka zaidi ya 40.

Siri iko kwenye ngozi ya madini hayo. Titani ikiguswa tu na hewa hujivika utando wa oksidi wenye unene wa nanomita chache, yaani sehemu chache za milioni za milimita. Utando huo haumung'unyiki na haurushi sumu. Ukiuchoma mwili kwa kitu kigeni cha kawaida, mwiba kwa mfano, mwili hukizungushia nyama ya kovu na kukitenga. Na kitu kilichozungukwa na nyama laini hulegea. Kwa titani seli za kujenga mfupa hazioni mgeni wa kutengwa. Hujishikiza juu ya utando ule, humwaga mfupa mpya ndani ya mikunjo ya skrubu, na baada ya miezi kadhaa chuma na mfupa vimeshikana bila kitu laini katikati.

Kwa hiyo, mjomba, pembe haikuwa dawa kwa sababu mfupa haukuipokea. Titani unaipokea. Na hapo ndipo wanaoogopa kipandikizi na wanaokiuza kwa mbwembwe hukosea pamoja: wote wanadhani kazi ni ya daktari na chuma chake. Daktari anatoboa tundu na kukaza skrubu, kazi isiyozidi saa moja au mbili. Aliyebaki na kazi ya miezi ni mfupa. Karibu kila jibu litakalofuata linarudi hapo.

"Hilo ni jino la maiti." Hii ilitoka kwa bibi aliyekuwa kimya kwenye kona, na aliitamka kwa sauti ya mtu anayejua. Bibi, wakati mmoja ingekuwa kweli. Baada ya vita vya Waterloo, mwaka 1815, meno ya askari waliokufa yalikusanywa vitani na kuuzwa kwa mafundi wa meno, na matajiri wa Ulaya wakayavaa. Kabla ya hapo, London ya karne ya 18 ilikuwa na madaktari waliomng'oa maskini jino zima na kulichomeka hapo hapo kwenye tundu la tajiri. Meno hayo hayakudumu, na mengine yalikuja na magonjwa ya aliyeyatoa. Watu wa Kisaki nao wanajua uwanja wa vita unavyobaki, kwani Septemba 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Waingereza chini ya Smuts na ya Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck yalipigana hapa hapa. Ndiyo maana sikumwona bibi kuwa mjinga.

Skrubu ya leo ni chuma, na kofia yake ni kauri au mchanganyiko wa chuma na kauri. Hamna mtu ndani yake. Lakini nitasema na lile ambalo wauzaji hulipitia haraka. Mfupa wa taya ukiwa umepungua, daktari huongeza unga wa mfupa kabla ya kuweka skrubu au siku hiyo hiyo. Unga huo una asili mbalimbali: mfupa wako mwenyewe uliochukuliwa sehemu nyingine, mfupa wa ng'ombe uliosafishwa, mfupa wa binadamu aliyejitolea kabla ya kufa, au unga uliotengenezwa kiwandani. Zipo pia bidhaa zinazotokana na nguruwe. Kwa Muislamu, na kwa yeyote mwenye mwiko wake, swali "unga huu ni wa nini?" ni halali, na liulizwe kabla ya sindano ya ganzi. Daktari anayeudhika kwa swali hilo hajafaa kukushika taya.

"Chuma kichwani kinavuta radi." Kijana wa bodaboda. Milima ya Uluguru haichezi na radi, kwa hiyo hofu ninaielewa, ila radi haitafuti chuma cha milimita 10 kilichofichwa nyuma ya shavu. Inatafuta kilicho kirefu kuliko vingine. Aliyesimama wima katikati ya jaruba la mpunga wakati wa ngurumo yuko hatarini akiwa kibogoyo sawasawa na akiwa na meno yote 32. Kutu nayo haipo. Ule utando wa oksidi ndio unaoizuia. Sumaku haiivuti titani, na mlango wa ukaguzi uwanja wa ndege kwa kawaida haulii kwa sababu ya jino. Ukipelekwa kwenye kipimo kikubwa cha sumaku hospitalini, waambie tu kwamba unalo.

Tena madini haya si ya ajabu wala ya mbali. Mchanga wenye titani ulichimbwa Kwale, pwani ya Kenya, kuanzia 2013 hadi 2024, ukapakiwa melini Mombasa. Titani nyingi ya mchanga wa namna hiyo duniani huishia kwenye rangi nyeupe ya kuta. Inayofika kwenye taya ni punje.

"Meno ya juu yana mishipa ya macho, ukiyachokoza unapofuka." Hoja hii nimeisikia Morogoro mjini, nimeisikia Tanga, na nina hakika nitaisikia tena. Inawafanya watu wakae na jino bovu la juu miaka mingi, usaha ukijikusanya, wakiamini wanaokoa jicho. Neva ya kuona inatoka nyuma ya jicho na kwenda moja kwa moja kwenye ubongo. Haipiti kwenye meno. Meno ya juu yanahudumiwa na tawi la neva nyingine kabisa, ile ya tano kati ya neva za kichwa, ambayo kazi yake ni kuhisi uso na kutafunisha. Maumivu ya chonge ya juu huweza kusikika mpaka karibu na jicho kwa sababu neva moja inahisi sehemu zote mbili. Kusikika huko ndiko kulikozaa imani. Aliyeliacha jino lioze ndiye anayeliweka jicho hatarini, maana usaha wa jino la juu unaweza kusambaa usoni mpaka kwenye tundu la jicho.

Hatari ya kweli ya skrubu ya juu ni nyingine. Juu ya mizizi ya magego kuna uwazi wenye hewa ndani ya mfupa wa taya la juu, na skrubu ndefu kupita kiasi inaweza kuutoboa. Taya la chini nalo lina mfereji wenye neva inayoupa hisia mdomo wa chini na kidevu. Ikijeruhiwa, kidevu kinaweza kufa ganzi kwa miezi au moja kwa moja. Ndiyo sababu picha ya eksirei inakuja kwanza, na bora zaidi ni ile inayoonyesha mfupa kwa pande zote tatu: urefu, upana na kina. Ukiambiwa utawekewa bila picha, shuka kwenye kiti.

"Wanakupandikiza asubuhi, jioni unatafuna mfupa." Aliyesema haya alikuwa ametazama matangazo ya simu. Na kwa nusu yuko sahihi: kuna watu wanaofungwa jino siku ile ile. Ila jino hilo ni la muda, la kuziba uwazi wa mbele mtu aweze kucheka harusini, na hufungwa pale tu skrubu ilipokaza vizuri sana tangu mwanzo. Madaktari wengi hutaka nguvu ya kukazia ifike nyutoni-sentimita 35 kabla hawajathubutu. Hata hapo, aliyefungwa hatafuni mfupa. Anakula uji na wali laini.

Ngoja nieleze siku yenyewe, maana watu huogopa wasichokijua. Ganzi huchomwa kama ya kung'oa jino. Fizi hupasuliwa kidogo na kufunuliwa. Kisha mashine hutoboa mfupa kwa vipekecho vya ukubwa tofauti, chembamba kwanza, kinene baadaye, huku maji ya chumvi yakimwagika muda wote. Maji hayo si ya usafi tu. Mfupa ni kitu hai, na utafiti wa Uswidi wa mwaka 1983 ulionyesha kwamba ukifikia joto la nyuzi 47 kwa dakika moja tu, unaanza kufa. Mfupa uliokufa haushiki kitu. Fundi mwenye haraka, mwenye kipekecho butu, anaweza kukuunguza bila wewe kusikia lolote kwa sababu ya ganzi, na utajua miezi mitatu baadaye skrubu itakapotoka mkononi kama msumari kwenye mti uliooza. Mimi nilichosikia ni mtetemo na harufu ya dawa. Maumivu ya baadaye hayakufikia yale ya siku niliyong'olewa.

Halafu ni kusubiri: miezi mitatu hadi sita, taya la juu likihitaji muda zaidi kwa kuwa mfupa wake ni laini kama sponji. Kuna jambo hapa linaloshangaza. Skrubu huwa imara siku ya kwanza kwa sababu imekazwa tu. Wiki zinazofuata seli za kula mfupa hufagia mfupa uliojeruhiwa, na wajenzi hawajamaliza kazi. Kwa hiyo karibu na wiki ya tatu skrubu huwa dhaifu kuliko siku ilipowekwa. Mgonjwa hahisi tofauti. Uvimbe umekwisha, amesahau, anapewa muhindi wa kuchoma.

Sasa piga hesabu ya mtu wa Kisaki. Safari ya kuchunguzwa na kupigwa picha. Safari ya kuwekewa. Ya kutolewa nyuzi. Ya kufunuliwa skrubu na kuchukuliwa umbo. Ya kuvishwa kofia. Kila moja ni ama treni ya TAZARA kwenda Dar es Salaam, ama barabara ya Bwakira Chini, Duthumi, Mvuha na Matombo mpaka mjini Morogoro, ambayo mvua za masika zinaijua kuliko mkandarasi. Gharama ya jino moja huhesabiwa kwa milioni, si kwa maelfu, na nauli na siku za shamba zilizopotea hazimo kwenye bei ya tangazo. Hilo silisemi kumkatisha mtu tamaa. Nalisema kwa kuwa kipandikizi kilichoachwa njiani, bila kofia na bila kuangaliwa, ni fedha zilizofukiwa kwenye taya.

"Chuma hakiozi, kwa hiyo mswaki basi." Chuma hakitoboki, kweli. Fizi na mfupa vinavyokizunguka vinaugua. Utando wa vijidudu ukijikusanya kwenye shingo ya skrubu, fizi huvimba, kisha mfupa huliwa kimya kimya kuanzia juu kwenda chini, na kwa kawaida hauumi mpaka umechelewa. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulikadiria kwamba mgonjwa mmoja kati ya watano mwenye vipandikizi anapata ugonjwa huo wa kula mfupa. Wauzaji hupenda takwimu nyingine, na nayo ni sahihi: baada ya miaka 10 vipandikizi zaidi ya 90 katika kila 100 bado vipo. Kuwepo si kuwa na afya. Mswaki mara mbili kwa siku, uzi au kibrashi chembamba cha kupita katikati ya meno, na kumwona daktari walau mara moja kwa mwaka; na mswaki wa mti wa babu zetu unasugua vizuri usoni mwa jino, ila katikati ya meno haufiki.

"Mwenye hela yeyote anaweza." Kijana aliyesema hivyo alipata vibarua kwenye ujenzi wa bwawa la Nyerere, na fedha kwake ilikuwa imefungua milango mingi. Mlango huu una bawabu mwingine. Mvutaji wa sigara ana uwezekano wa kupoteza kipandikizi karibu mara mbili ya asiyevuta, kwani moshi hubana mishipa midogo ya damu, na mfupa usiopata damu haujengi. Mwenye kisukari kilichodhibitiwa anaweza kuwekewa, mwenye sukari inayopanda na kushuka ovyo asubiri. Aliyepigwa mionzi ya saratani ya kichwa au shingo, pengine pale hospitali ya Ocean Road, na anayetumia dawa kali za kuimarisha mifupa, lazima waseme mapema, kwa sababu mfupa wao unaweza kukataa kupona hata baada ya kung'oa jino la kawaida.

Na watoto, hapana. Mtoto wa miaka 12 aliyeanguka kwenye mwembe na kupoteza jino la mbele hawekewi skrubu hata baba yake akiwa tajiri wa ufuta. Taya lake linakua na meno yake yanashuka pamoja nalo. Skrubu iliyoshikana na mfupa haishuki. Baada ya miaka michache jino la chuma litaonekana limebaki juu, wenzake wote wamelipita. Hungojewa mpaka ukuaji ukome, karibu na miaka 18 kwa msichana na zaidi kidogo kwa mvulana, na wakati huo huvaa jino la bandia la kuvua. Bora zaidi, jino la ukubwani likitoka zima kwa kishindo, lishikwe kwa kichwa chake, si kwa mzizi, litiwe kwenye maziwa na mtoto akimbizwe kwa daktari wa meno ndani ya saa moja. Jino lake mwenyewe likirudishwa mapema linaweza kushika. Hakuna kiwanda kinachotengeneza kitu kama hicho.

Pengo jingine la utotoni lina historia yetu wenyewe. Kuna vijana wasio na chonge ambao hawajawahi kuoza jino. Walipokuwa wachanga waliharisha au walipata homa, na mtu akaona vivimbe vyeupe kwenye fizi, akasema ni "meno ya plastiki", wengine husema ya nailoni, akayachokoa kwa kisu. Vile vivimbe vilikuwa chonge changa zinazojiandaa kutoka. Watafiti Hiza na Kikwilu waliandika juu ya jambo hili mwaka 1992 baada ya kuwachunguza watoto wa kijiji cha mbali cha Tanzania. Kisu kile mara nyingi kiliharibu na kichipukizi cha jino la ukubwani lililolala chini yake. Mtoto aliharisha kwa maji machafu, akapona au hakupona kwa sababu nyingine, na chonge ikalipa.

Iliyobaki ndiyo hoja iliyonibana, na aliitoa mama muuza maandazi mwenyewe. "Pengo lazima lizibwe, la sivyo chakula hakisagiki, tumbo linaharibika. Sasa sisi tusio na mamilioni tufanyeje?" Nusu ya kwanza ya maneno yake ndiyo inayouzwa na matangazo, na ndiyo isiyo kweli.

Mwaka 2003 Paulo Sarita na wenzake wa Nijmegen, Uholanzi, walichapisha utafiti uliofanyika hapa Tanzania. Waliwachunguza watu wazima 725 waliopoteza magego ya nyuma kwa viwango mbalimbali, wakawalinganisha na 125 wenye meno kamili, wakiwauliza wanavyotafuna vyakula laini na vigumu. Waliobakiwa na magego madogo yote yanayokutana juu na chini, pamoja na walau jozi moja ya magego makubwa, walitafuna vya kutosha. Shida kubwa ilikuwa kwa waliobakiwa na meno ya mbele na jozi chache mno nyuma yake, hasa kwenye vyakula vigumu. Wazo lenyewe lilikuwa limetolewa na Käyser wa Nijmegen mwaka 1981, ila waliolithibitisha kwa vinywa vyao ni Watanzania, na nadhani tunapaswa kulijua kabla ya kuuziwa chochote. Gego moja la nyuma likitoka, mara nyingi jibu sahihi la kitaalamu ni kuliacha pengo lilivyo na kuyatunza yaliyobaki.

Pengo la mbele ni habari nyingine, kwa sababu ya uso, na kwa sababu ya herufi "s" na "f" zinazopiga mluzi. Hapo jino la bandia la plastiki, la kuvaa na kuvua, bado ni msaada mzuri na wa bei nafuu, ilimradi livuliwe usiku na kusuguliwa. Halizuii mfupa kupungua, na linaweza kulegea kadiri taya linavyobadilika. Kibogoyo kamili ndiye ninayeona anafaidika zaidi na titani: skrubu mbili tu kwenye taya la chini zinaweza kuishikilia seti nzima ya meno ya bandia ambayo ilikuwa inaelea kwenye mate. Kama ningepewa fedha ya kugawa, ningempa mzee huyo kabla ya kijana anayetaka kuziba pengo lisiloonekana. Na kijana huyo ni mimi.

Maana mimi nililiacha langu miaka mitatu, na sasa nieleze uzembe wangu. Mfupa unaoshikilia jino huishi kwa ajili ya jino. Likitoka, mfupa hupungua: karibu nusu ya upana wake huweza kupotea mwaka wa kwanza, sehemu kubwa ikiondoka miezi mitatu ya mwanzo. Nilipokwenda hatimaye, picha ilionyesha ukingo mwembamba kama makali ya jembe. Ikabidi niongezewe unga wa mfupa, nisubiri tena, nilipe tena. Sikuulizwa lolote siku ya kung'olewa, nami sikuuliza.

Kwa hiyo treni ilipopiga honi nilimpa mjomba maswali mawili badala ya majibu. La kwanza: jino hili haliwezi kutibiwa mzizi likabaki? La pili: kama haliwezi, linaweza kutolewa bila kuvunja kuta za mfupa? Na ahakikishe anayelitoa ni mtu aliyesajiliwa, si fundi wa mtaani mwenye koleo na kibao cha rangi. Alinitazama kama watu wanavyomtazama mpwa aliyesoma sana, akapanda.

Alinipigia simu wiki iliyofuata. Gego lilikuwa limepasuka mpaka kwenye mzizi, halikuokoleka, limetoka. Amehesabu jozi zake mbele ya kioo cha pikipiki: upande wa kushoto zote zinakutana, wa kulia imepungua moja. Pengo analiacha. Kisha akaniuliza kitu ambacho hakuna mtu kibarazani aliyekiuliza.

"Hilo lako la titani, mchanga kwenye wali unausikia?"

Jino la asili halijagandamana na mfupa. Limening'inizwa ndani ya tundu lake kwa nyuzi, kama kitanda cha kamba, na nyuzi hizo zina neva zinazotambua hata punje moja ya mchanga kabla hujauma. Skrubu imeshikana na mfupa kama msumari kwenye nguzo, nyuzi hazipo. Nilimwambia mjomba ukweli: mchanga nausikia kwa jino la jirani.